Kumfukuza Mtoto si Kumwokoa

Keti katika mkahawa wa Hurlingham, jijini Nairobi, uagize kikombe cha kahawa. Bei yake utaijua kabla ya kuionja. Mikono iliyoichuma hutaijua. Si mbali na hapo, katika Kiambu, kuna mashamba ambamo mchumaji hulipwa kwa debe. Mama ambaye debe lake halijai upesi hushawishika kumwita mwanawe amsaidie. Baadaye buni ya mashamba mengi huchanganywa, na alama ya mkono mdogo hupotea.

Sheria haina kigugumizi. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Basi kampuni inunuayo kahawa isikiapo tetesi kwamba watoto wanatumikishwa, ifanye nini? Zipo zinazokana. Zipo zinazokimbia: huvunja mkataba, kisha hunawa mikono hadharani. Njia zote mbili ni za woga, na ya pili ni mbaya zaidi, maana huvaa joho la wema.

Yaliyotokea Bangladesh yatufunze. Mwaka 1992 mswada uliletwa katika Baraza la Seneti la Marekani wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Haukupata kuwa sheria, lakini wenye viwanda vya nguo waliingiwa na hofu, wakawafukuza watoto kwa maelfu. Je, walikwenda shule? Wengine walikwenda kuponda mawe. Wengine walitumbukia katika ukahaba. Ndipo Julai 1995 yakafanywa mapatano kwamba mtoto asiondolewe kiwandani kabla ya kupata nafasi shuleni, na apewe posho.

Mtu atauliza, “Je, kampuni iendelee kunywa jasho la mtoto?” Hasha! Ichunguze bila kubisha hodi, imtie mtoto shuleni, tena ilipe bei itakayomwezesha mwenye shamba kuongeza malipo ya debe, ili mama asihitaji mikono ya pili. Mwenye shamba akikaidi baada ya hayo, na aachwe.

Nanyi wanafunzi, kesho mtakuwa wanunuzi na wakuu wa kampuni. Mtakapoambiwa kwamba mtoto ameondolewa shambani, msipige makofi. Ulizeni kwanza: amekwenda wapi?