Daktari wa Akili Naye Apige Hodi

Mgonjwa wa akili asipofika kliniki siku aliyopangiwa, jalada lake huandikwa kwamba ameacha matibabu. Hiyo ni hukumu ya haraka mno. Huenda nauli ya kutoka Ngarenanyuki hadi Hospitali ya Mount Meru haikupatikana. Huenda dawa zilimlegeza akashindwa kulima. Huenda amefungiwa chumbani na ndugu waliochoka. Daktari anayemsubiri ofisini hawezi kuyajua hayo.

Kwa hiyo naiona ziara ya nyumbani kuwa sehemu ya tiba, wala si hisani. Nyumbani daktari huona mgonjwa analala wapi, nani anatunza dawa zake, na kama kuna chakula. Humwona pia mama mzee anayemuuguza ambaye hajapata usingizi kwa wiki nzima.

Wazo la kumsogelea mgonjwa si geni nchini. Katika miaka ya 1980, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilitumika kujaribu mpango wa kupeleka huduma za akili kwenye zahanati na vituo vya afya, badala ya kutegemea hospitali kubwa kama Mirembe ya Dodoma. Imebaki hatua ya kutoka zahanati hadi mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba mabingwa ni wachache, na anayepanda vilima vya Meru huacha foleni nyuma yake. Ni kweli. Basi bingwa aende kwanza kwa aliyefungiwa, kwa aliyetoka wodini karibuni, na kwa mzazi aliyejifungua akapatwa na sonona. Wengine watembelewe na wauguzi, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawe macho yao mitaani.

Lakini hodi ni kuomba ruhusa. Gari la hospitali likisimama mbele ya nyumba Unga Limited au Tengeru, mtaa mzima utajua kuna nini. Gari liachwe mbali, koti jeupe libaki ofisini, na mgonjwa aulizwe mapema kama anaridhia na angependa nani awepo.

Nawe unayeuguza, usingoje hali izidi. Uliza kliniki kama wanaweza kuja. Maombi yakiwa mengi, itakuwa vigumu kwa uongozi kuendelea kupanga bajeti bila mafuta ya safari hizo.