Kombi Kuukuu na Breki Zake

Jirani yangu amenunua Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1969 iliyotiwa kitanda, kabati, jiko na tangi la maji. Rangi inang'aa, mapazia yamefuliwa, na watoto wanahesabu siku za kwenda Iringa kwa bibi yao. Nilipomuuliza habari za breki, alicheka: "Zinashika, ndugu yangu." Lakini kushika katika barabara tambarare za Dar es Salaam ni jambo moja, kushika katika mteremko wa Kitonga ni jambo jingine.

Kombi za miaka hiyo zilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Dramu ikikanyagiwa mfululizo hupata moto na kutanuka, laini zikapoteza ukali wake, na gari lisiitike. Uzito wa kitanda na maji huzidisha moto huo.

Adui wa pili haonekani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hupaswa kustahimili nyuzi 205 za Selsiasi bila kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mguu hufika sakafuni bure.

Kwa hiyo, badilisha mafuta hayo kila miaka 2, na fundi atoe upepo katika kila gurudumu. Badilisha mipira ya breki iliyozeeka, kwani huvimba kwa ndani, breki ikang'ang'ania hata mguu ukiondolewa. Vumbi la dramu lisipulizwe, bali lipanguswe kwa kitambaa kibichi: laini za zamani zilikuwa na asbesto, iletayo saratani ya mapafu.

Mwenye uwezo na afunge diski mbele, kama Kombi za kuanzia toleo la 1971. Lakini akumbuke kwamba masta silinda nayo sharti ilingane, na hata rimu hubadilika, maana matundu ya boliti si yaleyale.

Hatimaye, teremka mlima kwa gia nzito, si kwa mguu juu ya breki.

Jirani yangu ameahirisha safari kwa majuma mawili. Watoto wamenuna. Heri bibi angoje wageni kuliko aletewe habari.