Rubani Hakuambiwa

Jumapili tarehe 10 Machi, 2019, saa mbili na dakika 38 asubuhi, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilikuwa ndege mpya, Boeing 737 MAX, iliyotoka kiwandani miezi minne tu kabla ya siku hiyo. Dakika sita baadaye ilijichimbia ardhini karibu na Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko watu wa taifa lingine lo lote.

Wako waliosema kwamba siku zao zilikuwa zimefika. Sisi hatubishani na imani ya mtu. Lakini tarehe 29 Oktoba, 2018, ndege ya namna ile ile, ya shirika la Lion Air, ilitumbukia katika bahari ya Java nchini Indonesia, nayo ikapoteza watu 189. Chanzo kilikuwa mtambo ule ule. Jambo likitokea mara mbili kwa namna moja, yafaa atazamwe pia yule aliyeiunda ndege.

Tueleze habari yenyewe kwa maneno ya kawaida, maana wakubwa wa viwanda hupenda kujificha nyuma ya maneno magumu. Boeing 737 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na tumbo lake li karibu na ardhi. Mwaka 2010 washindani wao wa Ulaya, Airbus, walitangaza ndege yenye injini mpya zinazotumia mafuta machache zaidi. Boeing hawakuunda ndege mpya. Mwaka 2011 waliamua kuitia injini kubwa ndege yao ile ile ya zamani. Injini hizo hazikuenea vizuri chini ya mabawa, zikasogezwa mbele na kuinuliwa. Hapo tabia ya ndege ikabadilika: ikiinua pua sana, maumbo ya injini zenyewe huzidi kuisukuma pua juu, na ndege iliyoinua pua kupita kiasi hukosa nguvu ya kuelea hewani.

Dawa waliyoitafuta ilikuwa mtambo wa kompyuta ulioitwa kwa kifupi MCAS. Kazi yake ilikuwa kuishusha pua kwa kugeuza bawa dogo la mkiani, bila kumwuliza rubani. Mtambo huo ulisikiliza kipimio kimoja tu kati ya viwili vilivyo kando ya pua, vya kupima jinsi ndege inavyoukabili upepo. Katika ndege ya Ethiopia kipimio cha kushoto kilisoma digrii 74.5, na cha kulia kilisoma kama digrii 15. Mtoto wa shule angejua kwamba kimoja kimeharibika. Mtambo haukujua, kwa kuwa haukufundishwa kuuliza cha pili. Rubani akiirudisha pua juu, mtambo ulingoja sekunde tano, kisha ukaishusha tena. Marubani wa Lion Air walishindana nao zaidi ya mara 20 kabla ya kuzidiwa.

Na hawakuwa wameambiwa kwamba mtambo huo umo ndani ya ndege yao. Haukuelezwa katika kitabu cha rubani. Mtu alikabidhiwa roho za abiria karibu 200, akafichwa mkono wa pili uliokuwa umeshika usukani pamoja naye.

Kwa nini afichwe? Kwa sababu mafunzo ni gharama. Mnunuzi akiambiwa kwamba rubani wa 737 ya zamani lazima akajifunze tena katika simuleta, yaani chumba cha mafunzo kinachoiga ndege, huenda akaenda kununua kwingine. Boeing waliliahidi shirika moja kubwa la Marekani punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege endapo mafunzo hayo yangelazimishwa. Mwaka 2017 Lion Air wenyewe walitaka marubani wao wapate simuleta. Walibembelezwa mpaka wakaacha, na katika barua za ndani zilizofichuliwa Januari 2020 twaona mfanyakazi wa Boeing akiwatukana kuwa wajinga kwa kuomba jambo hilo. Wasomaji wetu walikumbuke hili kila wasikiapo kwamba watu wa nchi zetu hawajali usalama. Mwindonesia aliomba kufundishwa, naye akachekwa.

Serikali ya Marekani ilikuwa wapi? Idara yake ya usafiri wa anga ilikuwa imewapa watumishi wa Boeing wenyewe sehemu kubwa ya kazi ya kuikagua ndege ya Boeing. Wazee walikwisha sema juu ya kesi ya nyani na hakimu ngedere. Tena baada ya ajali ya Indonesia, idara hiyo ilifanya hesabu yake ya ndani, ikaona kwamba mtambo ukiachwa vile vile huenda zikatokea ajali 15 katika maisha ya ndege hizo. Hesabu ilikuwa mezani, na ndege zikaendelea kubeba watu hadi siku ile ya Bishoftu. Uchina ilizizuia tarehe 11 Machi, 2019. Marekani ilizizuia tarehe 13, wakati nchi nyingi zilipokuwa zimekwisha fanya hivyo.

Serikali ya Ethiopia hapa ilituonyesha njia. Ilishika uchunguzi mikononi mwake, na vyombo vya kunasa sauti na habari za safari ikavipeleka Ufaransa, wala si kwa nchi iliyoiunda ndege.

Lakini lawama kwa marubani haikukawia. Mei 2019 mbunge mmoja wa Marekani alisema kwamba marubani waliofundishwa Marekani wangeliweza kuiokoa ndege. Sisi hatusemi kwamba marubani wa Ethiopia hawakukosea neno. Nguvu ya injini iliachwa juu, mwendo ukazidi, na wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walilalamika kwamba ripoti ya mwisho ya Ethiopia haikulipa jambo la marubani uzito wake. Hilo na lisemwe. Walakini marubani hao walikata umeme wa mtambo kama Boeing walivyoagiza baada ya ajali ya kwanza, kisha gurudumu la mkono likawa zito, halikugeuka. Mkenya mmoja aliyefiwa na jamaa zake watano alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Julai 2019, akaikataa waziwazi hadithi ya makosa ya marubani wa kigeni. Alisema kwa niaba ya wengi.

Na haki ilikuwaje? Mkuu wa Boeing aliondolewa Desemba 2019, akaenda zake na mafao ya zaidi ya dola milioni 60. Januari 2021 kampuni ilikubali kutoa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili isishtakiwe. Katika fedha hizo bilioni 1.77 zilikuwa za mashirika ya ndege yaliyopata hasara, na milioni 500 zilikuwa za jamaa za wafu 346. Mwaka 2024 ilikubali kukiri kosa la ulaghai, hakimu akayakataa mapatano hayo, na mwaka 2025 Serikali ya Marekani yenyewe iliomba mashtaka yafutwe, yakafutwa.

Asidhani mtu kwamba twachukia mitambo. Ndege za Airbus A320 zimekuwa na kompyuta kati ya mkono wa rubani na mabawa tangu mwaka 1988, na rubani wake hufundishwa kompyuta hiyo itafanya nini na lini. MAX yenyewe iliporuhusiwa tena Novemba 2020, mtambo ulikuwa umefanywa usikilize vipimio vyote viwili, usukume mara moja tu, wala usiushinde mkono wa rubani. Na mafunzo ya simuleta, yale yale yaliyoitwa ujinga, yakawa sharti.

Habari hii inatuhusu sana. Oktoba 2023 Tanzania ilipokea 737 MAX yake ya kwanza, ya namna ya 9. Januari 5, 2024, ndege ya namna hiyo ya shirika la Alaska iling'oka kipande cha ubavu ikiwa angani Marekani, kwa sababu boliti nne za kukishika hazikurudishwa kiwandani. Basi mnunuzi asiyekuwa na macho yake mwenyewe hununua na uzembe wa muuzaji.

Na macho hayo ni wakaguzi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliitia Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya, na Juni 2025 ukayatia mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, ukitaja upungufu katika usimamizi wa usalama. Ni rahisi kwetu kupiga kelele kwamba ni dharau ya mzungu. Dharau tunaijua, tumeieleza hapo juu. Lakini tukiidai Marekani isimwachie mwenye kiwanda ajikague, hatuwezi kunyamaza juu ya ofisi zetu wenyewe. Mkaguzi wa ndege hasomeshwi kwa wiki mbili, na akiwa na mshahara mdogo, shirika lile lile analolikagua litamchukua.

Twataka Waziri wa Uchukuzi aseme Bungeni, kwa hesabu kamili, wakaguzi waliohitimu kukagua ndege kubwa za abiria ni wangapi, wangapi wameondoka kazini tangu ndege mpya zianze kununuliwa, na kila rubani wa MAX hukaa saa ngapi katika simuleta kwa mwaka, na wapi. Aseme pia kama mikataba ya kununua ndege inamlazimisha muuzaji kumweleza rubani wetu kila mtambo uwezao kugeuza ndege bila amri yake. Majibu yakitolewa tutayachapa katika ukurasa huu.