Mama wa mawese kule Salvador

Juma hili tunakula mbali: Salvador, nchini Brazil. Jioni mama mwenye nguo nyeupe anaketi kando ya barabara na karai ya mawese yaliyochemka. Mawese wanayaita dendê, neno lililotoka kwa jirani zetu wa Angola. Anakaanga acarajé: kunde zilizotolewa maganda, zikasagwa, zikapigwa pamoja na kitunguu na chumvi. Anaipasua, anajaza kosakosa kavu. Akikuuliza “quente?”, haulizi kama unataka ya moto, anauliza pilipili. Sisi tungejibu ndiyo!

Karai hiyo inalisha nyumba nyingi. Basi walipokatazwa kuuza karibu na uwanja wa mpira, kwa mashindano ya 2013, chama chao hakikunyamaza. Walidai mpaka wakaruhusiwa.