Ukipita Namoratunga, acha kijiwe, si jina lako

Wewe wa Kanamkemer, hebu niambie: umeshika barabara ya Kalokol mara ngapi kwenda kula samaki ziwani, na ni mara ngapi umeshuka pale Namoratunga? Wengi wetu tunasimama dakika tano, tunapiga picha, haya, twende.

Juzi nilimkuta msee wa rika langu akikwaruza jina lake kwenye nguzo moja. Nilipomuuliza, akanijibu: "Kwani ni za nani? Hata waliozisimamisha si Waturkana."

Nilikasirika, lakini kusema kweli swali lake si la kijinga. Stori tuliyokua nayo ni kwamba hawa ni watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka asiyefaa kuchekwa, wakageuka mawe. Ndiyo maana panaitwa Namoratunga, watu wa mawe.

Watafiti nao wana yao. Mwaka 1978, Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo 19 za pale zilipangwa kufuata nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana, na kwamba zina umri wa miaka 2,300 hivi. Waliowafuata wakasema hapana, ni za kale zaidi: miaka 4,000 hadi 5,000, enzi za wafugaji wa kwanza wa ziwa hili. Pale Lothagam, kwenye nguzo za enzi hizo hizo, utafiti uliotoka 2018 ulikadiria kwamba wamezikwa watu wasiopungua 580, watoto kwa wazee. Kwa hivyo ukikwaruza nguzo hizi, huenda umesimama juu ya makaburi.

Sisi Waturkana tulifika huku miaka mia chache tu iliyopita. Sasa ni zetu vipi?

Tazama juu ya nguzo. Utaona vijiwe vidogo vimepangwa. Wazee wetu walizikuta, hawakuziangusha. Walizipa jina na stori, na kila mpita njia akawa anaongeza kijiwe chake. Huko Kizimkazi, Zanzibar, ni vivyo hivyo. Msikiti ulipojengwa upya karne ya 18, mafundi hawakutupa maandishi yaliyochongwa kwenye mawe mwaka 1107. Waliyaacha ukutani, na hadi leo watu wanaswali mbele yake. Hakuna anayeulizwa mlangoni kama ni mjukuu wa aliyeyachonga.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kitu cha kale kinakuwa chako ukikitunza, hata kama si babu yako aliyekiweka. Na usipokitunza, hata kama babu yako ndiye aliyekiweka, wewe ni mpita njia tu.

Utaniambia, kijiwe na jina vina tofauti gani, si vyote ni alama? Tofauti ipo. Kijiwe kinakaa juu na kinaweza kuondolewa, nguzo ikabaki ilivyokuwa. Kinasema "tumepita hapa". Jina linakula jiwe lenyewe, halirudi, na linasema "mimi" peke yake. Kama kila kijana wa Lodwar angeacha "mimi" yake pale, wadogo zetu wangekuta nini?

Usingoje kaunti iweke ua na askari. Wikendi ijayo ukienda Kalokol, mwambie wa boda asimame. Okota kijiwe kando ya barabara, usichomoe yale mawe yaliyopangwa chini ya nguzo, maana hayo ni sehemu ya jengo. Kiweke juu taratibu. Jina lako andika kwenye picha, simu inatosha.

Yule msee tuliongea, akaacha kukwaruza. Lakini alikuwa ameshamaliza herufi mbili. Ziko pale, na zitakaa kuliko yeye na mimi.