Ukibadili mazabodi, Windows ni ya nani?

Wadau, leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi wetu hulijua siku fundi akishamaliza kazi na kuchukua chake.

Ukiongeza RAM, au ukitoa hadidiski ya zamani ukaweka SSD, kwa kawaida Windows haina neno. Lakini ukiweka mazabodi nyingine, unaweza kukuta maandishi kwenye kona ya chini ya skrini yanakudai uithibitishe Windows yako upya. Utasema, jamani, si niliilipia pamoja na mashine?

Uliilipia, ila mkataba hukuusoma. Windows inayotoka kiwandani na kompyuta, ile inayoitwa OEM, imefungwa kwa mashine ile ile, na kwa Microsoft roho ya mashine ni mazabodi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, viwanda vikubwa huandika namba ya leseni ndani ya chipu ya mazabodi yenyewe. Ubao ukienda, namba nayo imekwenda. Msamaha upo kama ubao uliharibika na ukawekewa wa aina ile ile. Ukibadili ili kuongeza nguvu tu, unatakiwa kununua leseni mpya. Aliyenunua Windows peke yake dukani, yaani leseni ya rejareja, anaruhusiwa kuihamishia mashine nyingine, mradi isitumike kwenye mbili kwa wakati mmoja.

Utaratibu huu wa uthibitisho ulikuja na Windows XP mwaka 2001, lengo likiwa kuzuia watu kupeana nakala. Swali langu ni moja: amezuiwa nani? Mafundi wetu mjini wana jibu tayari. "Usijali bosi, nakuwekea ya kukraki." Unakunywa soda, ukirudi kazi imeisha, pengine na virusi juu. Anayehangaika ni yule aliyelipa.

Sipingi kulipa. Anayeandika programu naye anakula. Ninachopinga ni leseni kufuata kipande cha chuma badala ya kumfuata mtu aliyetoa hela yake. Mwizi habadiliki, mkweli anatozwa mara mbili, halafu tunashangaa kwa nini ukweli haulipi.

Mpaka hapo watakapobadili mawazo, tujilinde. Kabla hujanunua kompyuta ya mtumba, fungua cmd, andika slmgr /dli, kisha soma kidirisha kinachotokea. Ukiona OEM, leseni ni ya mashine hiyo, itakufa nayo. Ukiona RETAIL, inahamishika. Ukiona VOLUME, hiyo ni leseni ya kampuni au taasisi. Muulize muuzaji imefikaje mikononi mwake, na umwangalie usoni anapojibu.

Nawasilisha. Kama mimi ndiye niliyekosea na Microsoft wako sahihi, nielimisheni.