KUKU ATEMBEE NA BUSTANI ICHANUE

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji,

Siku hizi ukipita kisimani, ukipita kwenye mashine ya kusaga, neno ni moja tu: kuku. Upande mmoja wanasema kuku wote wafungiwe mwaka mzima, na mwenye kuku atakayeonekana nje atozwe faini. Upande wa pili wanasema bustani na maua ni mambo ya mjini, kuku wa babu zetu hawakufungiwa, na anayetaka mchicha akalime mbali. Jambo hili linaletwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kabla hatujafika huko nasema yangu hapa ukutani. Anayejua kusoma asome, na asiyejua asomewe, ili twende mkutanoni na hoja, tuache hasira nyumbani.

Nasema kama mwanaushirika. Zamani, kwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975, katibu wa Chama ndiye alikuwa katibu wa kijiji. Tangu vyama vingi, mwaka 1992, kazi hizo zimetengana. Kwa hiyo haya ni maoni, siyo amri. Mwenye maoni mengine aandike na yeye, ukuta una nafasi.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina haki nusu, na zote zinakosea nusu. Kuku atembee, na bustani ichanue. Yote mawili yanawezekana katika kijiji kimoja, mradi tukubali kufanya kazi kidogo na kuheshimiana sana.

TUANZE NA HESABU

Wanaotaka kuku wafungiwe wachukue kalamu. Kuku mkubwa mmoja hula kama gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku. Kuku 10 ni kilo moja au zaidi kwa siku. Zidisha kwa siku 365. Unapata zaidi ya kilo 365, yaani magunia matatu na nusu ya kilo mia mia, na bado zinabaki. Hayo ni magunia ya kulisha kuku tu, kabla mtoto hajala.

Kuku anayetembea anajitafutia sehemu kubwa ya chakula hicho mwenyewe. Anakula mchwa, panzi, mbegu za magugu, punje za mtama zilizodondoka uwanjani na mabaki ya jikoni. Analisha nyumba bila kununuliwa chakula. Ndiyo maana mkoa wetu wa Singida unajulikana kwa kuku wa kienyeji mpaka Dar es Salaam.

Sasa tujiulize, sheria ya kufungia itamwumiza nani? Mwenye ng'ombe thelathini haitamwumiza, na mwenye duka haitamwumiza. Itamwumiza bibi kizee mwenye majike sita, ambaye akiuza mmoja anapata mafuta, chumvi na daftari la mjukuu. Huyo hana magunia mawili na zaidi ya kumwaga bandani. Tukipitisha hivyo tumemwambia achinje wote. Sheria inayoanza kwa kumnyang'anya mnyonge kuku wake, mimi siungi mkono.

LAKINI BUSTANI NAYO SI MCHEZO

Wale wa upande wa pili nao wasianze kushangilia. Hebu tuwatazame akina mama wa bustani ya ushirika. Kwetu mvua ni msimu mmoja, na kiangazi ni kirefu. Mchicha wa mwezi wa nane hauoti kwa mvua, unaota kwa ndoo. Mama anateka kisimani, anabeba kichwani, anamwagilia tuta kwa tuta. Halafu anakuja jike moja lenye vifaranga kumi, linakuta udongo laini wenye unyevu na samadi, linachakura kwa dakika chache tu. Kazi ya wiki mbili imekwisha. Ukimwambia mama huyo kwamba mboga ni mambo ya mjini, unamtukana.

Na maua je? Nimesikia watu wakisema, "Maua hayaliwi." Kweli hayaliwi. Lakini mtu akifika ofisi ya ushirika akakuta pametunzwa, akakuta waridi na bogonvilia mlangoni, anajua hapa pana watu wenye utaratibu. Mgonjwa anayesubiri zahanati chini ya mti, mbele ya maua, anapata faraja. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio ya Mtu ni Afya, wakainuka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Hawakuambiwa wangoje wawe matajiri kwanza. Kupendeza kwa kijiji siyo anasa, ni heshima ya watu wanaoishi humo.

TUMJUE KUKU ALIVYO

Ugomvi mwingi unatokana na kumchukulia kuku kama mtu mkorofi. Kuku hana uchokozi. Kuna mambo manne anayoyafuata. La kwanza, anafuata udongo laini wenye unyevu, kwa sababu ndipo wadudu walipo. La pili, anakula majani machanga na laini, ila mmea uliokomaa na kuwa mgumu mara nyingi anauacha. La tatu, anatafuta vumbi la kuogea, kwa sababu ndivyo anavyojitoa utitiri na chawa. La nne, akiwa na vifaranga anachakura zaidi, maana analisha wengi. Ukiyajua haya manne, unajua pa kumzuia na pa kumwachia.

Kwa hiyo ninashauri hivi:

1. Tuzungushie bustani, tusizungushie kuku. Uwanja wa kuku ni mkubwa, bustani ni ndogo. Akili inasema uzungushie kilicho kidogo. Tuna fito, mabua ya mtama na ya alizeti, miiba na minyaa. Ua uwe wa kifua cha mtu, na chini ufukiwe na kubanwa, kwa sababu kifaranga hupita penye tundu na mama yake humfuata. Juu usiweke mti mnene uliolala. Kuku akiona pa kutua, anaruka. Akiona ncha za fito tu, anasita. Wanaopanda minyaa wawe waangalifu na utomvu wake, ukiingia machoni ni hatari. Watoto waambiwe.

2. Miche ifunikwe. Tuta likishasiwa, litandikwe matawi ya miiba mpaka mche ufike urefu wa shubiri. Kwenye maua, panga mawe bapa kuzunguka shina. Kuku hachakuri jiwe. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na mawe hapa kwetu hayanunuliwi.

3. Nje ya ua tupande vinavyojitetea. Mchaichai, mrehani na mshubiri kuku havipendi, harufu na ugumu vinamkinaisha. Bogonvilia ikishakua ina miiba yake. Hivyo ndivyo vya kuweka mlangoni na kando ya njia. Mchicha, figili na chainizi vikae ndani ya ua. Ukipanda chainizi katikati ya uwanja bila ua, basi umemwandalia kuku meza, usimlaumu akila.

4. Kuku apewe pake. Chini ya mti nyuma ya nyumba chimba shimo fupi, weka udongo mkavu na majivu. Hapo ataoga. Weka na chombo cha maji. Takataka za jikoni na majani makavu rundika mahali pamoja, mwache achakure humo apendavyo. Kuku mwenye pake anapunguza kwenda kwa jirani. Hata binadamu ni hivyo hivyo.

5. Asubuhi asitoke na njaa. Kabla ya kufungua banda, mwaga pumba au mashudu ya alizeti kidogo, kiganja kimoja au viwili. Kuku mwenye njaa hukimbia moja kwa moja kwenye mboga. Aliyekwisha kudonoa kidogo hutembea polepole akitafuta wadudu.

6. Wakati wa kusia na kupandikiza, jike lenye vifaranga liwekwe chini ya tenga. Wiki chache tu. Hili si geni, mama zetu walilifanya. Faida ni mbili: miche inapona, na mwewe hapati vifaranga.

7. Kuna yule kuku mmoja mtundu anayeruka kila ua. Huyo akatwe manyoya marefu ya bawa moja tu, yale yaliyokomaa, kwa mkasi. Haumii, kama sisi tunavyokata kucha. Atakosa mizani, hataruka. Ila tusiwafanyie kuku wote hivyo, maana kuku asiyeweza kuruka ni chakula cha kicheche.

8. Usiku wote walale bandani. Tutapata mbolea, na hapa pana siri ambayo wenye bustani waisikie vizuri. Mbolea ya kuku ni kali na ina nguvu nyingi. Ikiwekwa mbichi inaunguza miche. Ichanganywe na majani makavu, ikae miezi miwili mitatu mpaka ioze na kupoa. Ndipo utaona mchicha. Basi kuku anayelaaniwa mchana ndiye anayelisha bustani usiku.

Nafupisha kuhusu chanjo, maana tumeshalisema mara nyingi. Kuku wanaotembea huambukizana mdondo. Chanjo ya tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, tuifanye kijiji kizima siku moja. Nyumba moja ikikataa, inaweka nyumba zote hatarini. Uhuru wa kuku wako kutembea unakuja na wajibu huo.

JAMBO LINALONIUMIZA

Sasa nije kwenye jambo zito. Kuku wameanza kupigwa mawe. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi na moto hawasalimiani. Na nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema atamwaga mtama wenye sumu. Jamani! Sumu haimjui kuku wa nani. Mtoto ataokota. Mbwa atakula. Kuku atakayekufa anaweza kuokotwa na mtu mwenye njaa akapikwa. Kwa tuta la mchicha tutakuja kuzika mtu? Aliyesema hivyo anajijua, na namwomba kwa heshima, kama ana sumu nyumbani aifiche mbali na wazo hilo alitoe kichwani.

Na kuhusu faini, tufahamishane. Sheria ndogo ya kijiji haitungwi na mtu mmoja wala kwa kubandikwa ukutani. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, inatungwa na Halmashauri ya Kijiji, wananchi wanashirikishwa, na lazima ipate kibali cha Halmashauri ya Wilaya. Hapo haijafika. Kwa hiyo asitokee mtu akamtoza bibi wa watu shilingi kwa ajili ya kuku.

NINAVYOPENDEKEZA MKUTANONI

Kwanza, tupange siku za msaragambo, kabla mabua hayajaliwa na mifugo, tujenge ua wa bustani ya ushirika, wa shule na wa zahanati. Kila nyumba ilete fito na mikono. Mwenye kuku wengi alete fito nyingi, hiyo ni haki.

Pili, mwenye bustani yake binafsi aizungushie. Bustani iliyo wazi isiwe na madai.

Tatu, kuku akiingia penye ua mzima, mwenye kuku aambiwe kwa salamu, siyo kwa matusi. Akirudi mara ya pili, mwenye kuku alipe mche kwa mche, aje apandikize na kumwagilia. Hiyo ni fidia inayofundisha kuliko pesa.

Nne, atakayeua kuku wa mwenzake alipe kuku, tena wa umri ule ule, na wazee wasimamie.

Najua mtasema ua unaliwa na mchwa, kila mwaka lazima urekebishwe. Ni kweli. Hata paa la nyasi tunalirekebisha na hatujaacha kukaa ndani ya nyumba. Siku tatu za kazi kwa mwaka, na magunia matatu na nusu kila mwaka kwa kila nyumba yenye kuku kumi, kipi ni kizito? Pimeni wenyewe.

Kijiji kisichokuwa na kuku uwanjani ni kijiji maskini. Kijiji kisichokuwa na jani bichi wala ua mlangoni ni kijiji kilichokata tamaa. Sisi siyo hao wala siyo hao. Njooni mkutanoni mapema, mje na hesabu zenu, na wale waliogombana wakae benchi moja.

Ushirika ni nguvu. Uhuru na kazi.

Ndugu yenu katika ujenzi wa Taifa,
Katibu wa Tawi